Kiunzi cha Mwokaji

Cherehani iliponyamaza jioni, chumba cha mbele kiligeuka klabu. Fundi alifagia nyuzi, akasukuma meza ya kukatia hadi ukutani. Mchana alishona nguo. Jioni alikuwa kocha wa riadha. Wanariadha wake waliingia mmoja mmoja, viatu mkononi. Wote walienea kwenye benchi mbili, na Mwokaji mikate peke yake alijaza nusu ya moja.

"Jumamosi ni ligi," Fundi alisema. "Kijiti, utakimbia mia nne, mia nane na elfu moja mia tano. Halafu utaruka juu."

Kijiti alikuwa binti yake. Mtaa ulimpa jina hilo kwa wembamba wake. Mbio alizozipenda ni za mia nane.

"Zote siku moja, mama?"

"Tukiacha mchezo mmoja wazi, tunakatwa pointi. Tukishika mkia, tunatolewa. Unataka tutolewe?"

Mwokaji, hodari wa kurusha tufe, akauliza, "Na mimi, Kocha?"

"Tufe, na mbio za kuruka viunzi."

"Mimi na kiunzi hatujuani."

"Mtajuana Jumamosi."

Wakajuana kweli. Kiunzi cha pili kilimnasa Mwokaji tumboni, akaning'inia kama godoro lililoanikwa. Uwanja mzima ukacheka. Fundi hakucheka. Macho yake yalikuwa kwa Kijiti, ambaye katika mbio zake za tatu alishika paja, akakaa chini katikati ya njia.

Kesho yake wifi wa Fundi alikuja. Alikuwa mtaalamu wa viungo hospitalini, na ulimi wake ulikata kuliko mkasi wa Fundi.

"Wifi, umemfanya mtoto wa kaka yangu punda wa kukodi?"

"Si mimi, ni ligi."

"Ligi ndiyo iliyoandika jina lake mara nne?"

Wifi akabonyeza paja taratibu. Kijiti akakunja uso.

"Msuli umevutika, haukuchanika," wifi alisema. "Apumzike, kisha aanze kwa kutembea. Msuli hupata nguvu ukipumzishwa baada ya kazi. Ukichoka nawe ukazidi kuusukuma, unaumia. Mtoto anayekua, mchezo mmoja kwa siku unamtosha. Ikizidi sana, miwili."

"Shangazi, mimi naacha," alisema Kijiti. "Sipendi tena kukimbia."

Fundi alihisi kama amejichoma sindano chini ya ukucha. Huyu ndiye mtoto aliyekuwa akikimbia hata akitumwa chumvi.

"Usiache bado," shangazi alimjibu. "Mama yako atakwenda kusema."

"Kusema nini?" Fundi aliuliza.

"Ligi ipangwe upya. Nyie wa benchi mbili mnapimwaje na klabu inayojaza mabasi mawili? Igaweni madaraja mawili, kila klabu icheze na wa kimo chake. Ihesabiwe michezo inayoiweza, isikatwe pointi kwa isiyoiweza. Na klabu ndogo za jirani ziruhusiwe kuungana. Kwani kwenye mkutano wenu mna kura ngapi?"

"Kila klabu moja."

"Kubwa na ndogo?"

"Sawa sawa."

"Na mlio wadogo ni wengi. Sasa mnalia nini, wifi yangu?"

Fundi alizunguka klabu ndogo moja baada ya nyingine. Kote alikuta mapaja yaliyofungwa bandeji.

Mkutanoni, Mwenyekiti wa ligi alimsikiliza akitabasamu. Klabu yake ndiyo iliyobeba kombe kila mwaka.

"Ligi ni moja," alisema. "Asiyeweza akae nyumbani."

Fundi akasimama. "Mwenyekiti, kombe lile hujalishinda. Umeliokota, watoto wetu walipoanguka kwa uchovu."

Tabasamu la Mwenyekiti likafutika.

"Omba radhi."

"Tupige kura kwanza."

Mikono ikainuka, na mingi ilikuwa ya klabu ndogo. Mpango mpya ukapita.

Msimu uliofuata, klabu ya Fundi iliungana na ya mtaa wa pili. Wakaongeza benchi. Mwokaji alirusha tufe tu, akawa wa kwanza. Viunzi vilipata kijana mwenye miguu ya korongo. Kijiti, paja limepona, alikimbia mia nane tu, akamaliza wa pili huku anacheka.

"Mama, nyingine lini?"

Fundi aligeuza uso kidogo, akajifanya anatafuta chupa ya maji.

Mwenyekiti alikuwa amekuja kutazama. Akamsogelea Fundi.

"Vijana wangu sasa wanakimbia na wa kimo chao, wanatoka jasho kwelikweli," alisema. "Ligi imekuwa nzuri, sikatai. Lakini lile neno ulilonitupia mbele za watu, bado nangoja radhi."

"Mwokaji, sogea," alisema Fundi. "Mwenyekiti apate pa kukaa."

Mwokaji akasogea. Mwenyekiti akakaa.

"Ngojea hapo hapo," Fundi alimwambia. "Ila radhi siombi."