Mkono Waliouzoea Panya

Inspekta alikuwa mwana wa sajini na mjukuu wa tarishi wa mahakama, watu wawili waliozikwa bila doa. Aliingia maabara kwa mwendo wao: taratibu, kofia kwapani.

Panya wote walikuwa wamekufa, kila mmoja kizimbani mwake. Walikuwa madume watupu, wa kujaribia dawa mpya ya shinikizo la damu, iliyosemekana kulinda figo. Kila tumbo lilikuwa na alama ya sindano.

"Ni huyu," alisema Profesa, mkuu wa maabara, akimwonyesha kwa kidevu daktari kijana, mwanafunzi wake. "Alitaka tupime na majike. Nilipokataa, akanuna."

Daktari alikuwa na plasta vidoleni.

"Nani kakuuma, binti?"

"Hao hao, Afande, juzi nilipojaribu kuwapima. Wamezoea mkono wa Mwalimu tu. Huwapima mwenyewe kila asubuhi."

"Una kinyongo naye?"

"Ninacho. Figo za jike si za dume. Dawa ikimfaa huyu, yaweza kumdhuru yule. Nikasema, nikaambiwa nina kiherehere."

Inspekta aliinama. Aligeuza panya mmoja, kisha mwingine. Manyoya yamelala. Maranda waliyolalia hayakuvurugwa. Menoni hakuna damu.

"Profesa, nyoosha mikono."

Haikuwa na hata mkwaruzo.

"Mgeni angeng'atwa, nao wangepigana naye. Hawa walitulia. Walishikwa na mtu wanayemwamini."

Profesa alikaa kitini polepole.

"Binti yangu yuko kwenye mashine ya kusafisha damu," alisema. "Nilimpa dawa hii mwenyewe, kwa kipimo kilichowafaa madume. Figo zake zimekwisha."

"Ukaua panya?"

"Bila panya hakuna utafiti. Bila utafiti, dawa haitoki."

"Si ungesema tu kwamba inadhuru?"

"Mbele ya nani? Mbele ya huyu niliyemwita kiherehere?"

"Kwa hiyo yeye aende jela."



"Mwalimu," daktari aliuliza, "kuna mwanamke mwingine uliyempa?"

"Dada yangu. Anameza mpaka leo."

Inspekta aliweka simu mezani, kando ya pingu.

"Mpigie kwanza."

Profesa aliitazama simu, asiiguse. Daktari ndiye aliyeichukua.

"Nipe namba, Mwalimu."

Nanyi wajukuu zangu mtakaovaa makoti meupe, sikilizeni, maana hayarudiwi: anayekuonyesha kosa lako, msikie siku hiyo hiyo, lingali kosa la panya.