Msumari na Kiti cha Mkunga

Kila siku akitoka shule, Msumari alivua sare, akafunga kitambaa kichwani na kuingia kwenye karakana ya baba yake, seremala. Jina hilo alipewa na mafundi kwa wembamba wake, naye alilipenda. Msumari ni mwembamba, lakini bila yeye mlango hausimami!

Matusi yalipigwa marufuku pale. Aliyejigonga nyundo kidoleni aliruhusiwa kupiga kelele, "Pambazuko!" Baba alilichagua neno hilo kwa sababu linajaza mdomo kama "Pumbavu!" bila kumtukana mtu.

Siku hiyo Msumari alikuwa akipiga msasa kiti cha kwanza alichokiunda mwenyewe, kifua kimemvimba kwa fahari. Mwenye kiti, mkunga mstaafu wa mtaa ule, alikizunguka na kukitikisa.

"Mjukuu wangu, hiki kiegemeo nilitaka kiwe kifupi. Lakini sasa naona kiwe kirefu, kama kilivyokuwa kabla sijakwambia ukifupishe."

Kile kirefu Msumari alikwisha kukikata!

"Pambazuko!" alifoka huku ameuma meno.

Mkunga alishika kiuno. "Mimi ndiye mpumbavu? Mimi niliyekupokea ulipozaliwa? Fundi, kiti sikitaki tena!"

Baba alikuja mbio. "Samahani, mama, umesikia vibaya. Hilo ni neno letu mtu akijiumiza. Umejigonga, mwanangu, sivyo?"

Angeitikia tu, yangekwisha.

"Hapana, Baba. Sikujigonga. Bibi alinikasirisha, nikamrushia neno. Nisamehe, Bibi. Ningekwambia tu kwamba nimeshakikata."

Mafundi waliacha kupiga randa. Mkunga alimtazama, kisha akaangua kicheko.

"Kumbe sikio langu halijazeeka! Nimekusamehe, mjukuu wangu. Na mimi nimezidi kubadilibadili. Kiti nakichukua hivyo hivyo."

Baba alimshika Msumari bega. "Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Hata neno safi, ukilitupa kwa hasira, humuumiza mtu kama tusi. Ukikasirika, sema kinachokuudhi, tena kwa adabu. Lakini leo nilikufungulia mlango wa uongo, ukakataa kupita. Najivunia wewe kuliko viti vyote humu ndani."

Kisha akamgeukia mkunga. "Mama, kiti kikilegea, usiniulize mimi. Muulize fundi wako, huyu hapa."

Hakuna aliyewahi kumwita Msumari fundi. Alikibeba kiti kichwani, akamsindikiza Bibi mpaka nyumbani, shingo wima.