Nilimwahidi Mama Nyasi, Wakamwaga Makaa ya Mawe

Nina umri wa miaka arobaini na saba. Mimi ni mhandisi wa mitambo, mama wa binti mmoja, Shiru, na kwa sasa ninaishi peke yangu katika nyumba ya kupanga mjini Nakuru. Siandiki haya ili mnionee huruma. Naandika kwa sababu kuna neno moja ambalo siku hizi nikilisikia, iwe ofisini au kanisani, kifua hunibana. Neno lenyewe ni "baadaye"...

Nilizaliwa Njoro, binti wa pili katika familia yetu, na kwa desturi yetu nikapewa jina la bibi mzaa mama, Nyambura. Lakini Mama hakuniita Nyambura hata siku moja. Aliniita "mami", kwa kuwa kwake yeye nilisimama mahali pa mama yake mzazi. Nilipohitimu chuo kikuu majirani walianza kuniita Injinia, nami nikafurahi kama mtu yeyote angefurahi. Kwa Mama nilibaki mami. Naomba mlikumbuke hilo, maana ndilo nililolipoteza.

Kwa miaka mingi nilifanya kazi Olkaria, kwenye visima vya mvuke wa ardhini unaozalisha umeme. Niliipenda kazi ile. Kisha mume wangu Muchiri, ambaye tulisoma naye darasa moja chuoni, akateuliwa kuwa meneja wa mradi wa kampuni ya watu binafsi. Kampuni hiyo ilikuwa imenunua shamba kubwa la ngano lililopakana na kwetu Njoro, kando ya reli, ili ijenge mtambo wa umeme unaotumia makaa ya mawe. Muchiri alitaka nijiunge naye.

Nilicheka. Nikamwambia, "Baba Shiru, tunakaa juu ya mvuke, halafu unaniambia nikachome makaa?"

Akanijibu kwamba kampuni ingejenga niwepo nisiwepo, na kwamba nikiwepo mimi, mtambo ungekuwa na nafasi ya kuwa safi. Nafasi! Mtego wangu ulikuwa neno hilo.

Niwaeleze kwa ufupi. Makaa ya mawe yakichomwa hutoa hewa nyingi ya kaboni, ile inayovuruga majira yetu ya mvua. Ipo mitambo ya kuinasa hewa hiyo kabla haijatoka kwenye bomba la moshi. Moshi hupitishwa ndani ya dawa ya maji inayoikamata, dawa hiyo hupashwa moto kwa mvuke ili iiachilie hewa ikiwa peke yake, kisha hewa hushindiliwa na kupelekwa kwa mabomba chini kabisa ya ardhi. Mitambo hiyo ni ghali mno. Hivyo kampuni iliamua kujenga bila kuiweka, ila kwa ramani ambayo ingeruhusu iongezwe siku za mbele. Waliotoa kibali cha ujenzi nao waliliweka sharti hilo.

Kazi yangu, basi, ilikuwa kuacha nafasi. Niliacha mdomo kwenye bomba la mvuke, ufungwe kwa kifuniko cha chuma. Niliacha mahali pa kutoboa mkondo wa moshi, ili moshi uelekezwe kwenye mtambo wa kunasa. Zaidi ya yote, niliacha uwanja mpana karibu na bomba la moshi, kwa sababu mtambo wa kunasa hewa si tangi la maji ambalo unaweza kulibana pembeni.

Tatizo likawa uwanja huo. Upande mmoja ulikuwa na reli, upande wa pili barabara, wa tatu majengo yenyewe. Ardhi pekee iliyobaki ilikuwa shamba la chini la Mama, ambalo marehemu baba alilipata mashamba ya walowezi yalipogawanywa. Hapo ndipo ng'ombe wake walipolishwa.

Nilikwenda mimi mwenyewe kumwomba aiachie kampuni. Muchiri alikuja nami. Kaka yangu Njoroge, ambaye analima viazi Mau Narok, alikuwa ameshuka kumsalimia Mama. Nilitafuta mfano rahisi. Nikawaambia waikumbuke nyumba ya baba mdogo pale mjini, ambayo nguzo zake zimeachwa na vyuma vikichomoza juu ya paa, ili siku moja aongeze ghorofa.

Njoroge alipasuka kicheko. "Vyuma vya baba mdogo? Si ndivyo mamdogo huanikia soksi!"

"Wewe Njoroge, nyamaza," Mama alimkata. "Mami anaongea."

Aliuliza swali moja tu. Kabla mashine hiyo ije, ng'ombe zake zingekula wapi? Muchiri alijibu kabla yangu, kwa sauti ile yake ya upole. Akasema, "Mama, zitakula hapo hapo. Hiyo nafasi ni ya nyasi mpaka siku mashine itafika."

Mama hakumtazama yeye. Alinitazama mimi. "Mami, ni wewe umesema?"

"Ni mimi, Mama."

Akakubali, akatia sahihi kwenye hati ya kuiachia kampuni shamba hilo. Hakuuliza tena.

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri kiasi kwamba nilijiona mtu wa maana. Bomba la moshi lilipanda juu, na chini yake ng'ombe wa Mama wakawa wanakula nyasi kama kawaida. Muchiri alipenda kuwaonyesha wageni. Mhandisi mwenzetu mmoja alitania kwamba mradi wetu ndio wa pekee wenye nafasi ya mashine inayotoa maziwa. Tulicheka sote... nami nilicheka kuliko wengine!

Kisha mitambo ikaanza kuwasili. Rafadha, ile mashine inayozungushwa na mvuke ili itoe umeme, ilipofunguliwa kwenye sanduku lake, ule mdomo niliouchora kwenye bomba lake haukuwepo. Nilimuuliza Muchiri. Akasema wamechukua ya aina nyingine, na kwamba bomba lingekatwa baadaye. Nikakubali. Muda si mrefu nikakuta pale nilipopaacha pa kutoboa mkondo wa moshi pamejengwa chumba cha swichi za umeme. Nikauliza. Kingehamishwa baadaye. Nikauliza ni nani anayetafuta miamba ambayo hewa hiyo ingehifadhiwa, maana bila mahali pa kuipeleka, kuinasa ni mchezo wa kuigiza. Hakuna aliyekuwa akitafuta. Baadaye! Kila kitu baadaye!

Mtaniuliza, kwa nini basi nilibaki? Nimejiuliza pia. Nilibaki kwa sababu uwanja ulikuwa bado wazi. Mhandisi anajua kwamba chuma kinaweza kukatwa na kuunganishwa upya, na chumba cha swichi kinaweza kubomolewa kwa hasara. Lakini ardhi iliyokwisha kujazwa, huku pande zote zimezibwa, utaitoa wapi? Maadamu nyasi za Mama zilikuwepo, nilijiambia, ahadi yangu ilikuwa hai. Nilikuwa nikipita pale asubuhi kuzitazama, kama mtu anayemtazama mgonjwa wake.

Mtambo ulipoanza kazi, treni za makaa zikawa hazifiki kwa wakati. Wiki nyingine zinakuja mbili pamoja, nyingine haziji kabisa. Ikabidi makaa yarundikwe kwa wingi ili moto usizimike, na eneo la kuyarundika lilikuwa dogo. Niliandaa mpango wa kulipanua kuelekea upande wa reli. Muchiri aliuchukua, akasema atauangalia.

Wiki hiyo nilikuwa nimekwenda Eldoret kumpeleka binti yetu chuoni. Nilikuwa njiani kurudi Mama aliponipigia simu. Hakusalimu. Alisema, "Njoo uone," akakata.

Nilifika nikamkuta amesimama nje ya lango jipya la waya, gumboti miguuni, ng'ombe nyuma yake. Mlinzi alikuwa akimwambia, "Mathe, nimesema hizi ng'ombe zirudi nyumbani. Hapa sasa ni yadi ya makaa." Aliponiona alishusha sauti. "Madam, si unisaidie kumwelezea? Mimi nafuata tu amri. Ni bwanako alisema."

Ni bwanako alisema...

Nyuma ya waya, tingatinga lilikuwa likisukuma makaa ya mawe juu ya nyasi. Nusu ya shamba ilikuwa nyeusi tayari. Karibu na ukingo niliona beseni la chumvi la ng'ombe, lile la bluu lenye ufa, likiwa limefunikwa hadi katikati.

Muchiri alitokea ofisini akiwa amevaa kofia yake ya chuma. Kwetu mama mkwe hamfokei mkwewe, hata awe amechomwa moyo namna gani. Muchiri alilijua hilo, akalitumia. Alimpa mkono. "Mama, umeamkaje?"

"Salama, mwanangu," Mama alijibu, kwa adabu kamili.

Kisha akanigeukia mimi. "Injinia," akasema, "waambie wanitolee beseni yangu ya chumvi."

Injinia! Wasomaji wenzangu, nimewahi kufiwa, nimewahi kufanyiwa upasuaji, lakini sijawahi kuumia kama nilivyoumia kwa neno hilo moja, lililosemwa taratibu, bila hasira.

Nililifukua beseni kwa mikono yangu. Mama akalipokea, akawageuza ng'ombe, akaenda.

Nilimfuata Muchiri ofisini. Nilimuuliza kwa nini. Akaniambia nitulie. "Mama Shiru, hilo shamba limekaa bure. Mashine yenyewe hata haijanunuliwa. Siku ikija tutahamisha makaa."

"Utayahamishia wapi?"

Anajua kusoma ramani kama mimi. Hapakuwa na mahali.

"Kibali tulishapata," akasema mwishowe.

Nikamuuliza kama alilijua hili tangu siku ile tulipokaa kwa Mama. Hakukana. Alivua kofia, akaiweka mezani, akaniuliza, "Ungemwambia ukweli, angekubali?"

Hivyo ndivyo nilivyoelewa! Mimi sikuwa mbunifu wa mradi ule. Nilikuwa sauti ambayo Mama asingeweza kuikatalia. Michoro yangu na usomi wangu wote, hata jina la bibi yangu, vilitumika kupata sahihi ya mama yangu. Na aliyevitumia alikuwa mtu niliyelala naye kitanda kimoja.

Nilijiuzulu. Nyumbani tulibaki miezi michache tukipishana kama wapangaji, hadi siku moja nikafunga virago. Muchiri aliwaambia ndugu zake kwamba nimeiacha ndoa kwa sababu ya rundo la makaa. Labda mbele ya watu inaonekana hivyo.

Kisha kampuni ikaomba ruhusa ya kupanua mtambo. Katika maombi yao walieleza tena kwamba mtambo wao umetayarishwa kunasa hewa ya kaboni wakati wowote. Wakazi waliitwa kwenye mkutano katika ukumbi wa kanisa. Nilikwenda. Muchiri alikuwa mstari wa mbele, nami nikasimama nyuma yake.

Kabla sijafungua kinywa mtu alipaza sauti, "Si huyo ni bibi ya bosi?" Watu wakacheka. Mama mmoja akajibu, "Mwacheni aongee, walishakosana!" Wakacheka zaidi.

Niliongea hata hivyo. Nilisema mimi ndiye niliyeuchora mtambo ule. Nilisema mdomo wa mvuke haupo, mahali pa kutoboa mkondo wa moshi pamezibwa, miamba haijatafutwa, na uwanja ambao ungebeba mashine umejazwa makaa. Nilisema mtambo huo hauko tayari kwa lolote, na anayesema uko tayari hasemi kweli. Kicheko kilikoma. Muchiri hakugeuka kunitazama.

Mwenyekiti alinishukuru. Akasema hoja yangu ni nzito, na kwamba itashughulikiwa... baadaye. Nilitamani kulia na kucheka kwa wakati mmoja!

Nje ya ukumbi nilimwona Mama akiwa na Njoroge. Sikujua kama alikuwemo ndani. Nilimkaribia, moyo ukinidunda kama wa mtoto aliyeitwa na mwalimu. Alinishika mkono.

"Injinia," akasema, "umesema vizuri."

Kisha wakaondoka.

Siku hizi mimi huenda kumtembelea Mama kila Jumamosi. Vumbi jeusi hutua juu ya migomba yake. Amebaki na ng'ombe mmoja, anayemlisha kwa majani ya kununua. Hanifukuzi, wala hanitukani. Ananipa chai katika kikombe cha wageni, chenye maua na kisahani, ilhali kile kikombe changu cha bati cha tangu utotoni ninakiona kimening'inia jikoni. Anapofungua mlango hutabasamu kwa upole, na kila mara kabla hajatamka neno mimi hushikilia pumzi... nikitumaini. "Karibu, Injinia," husema.

Wenzangu mliosoma, nawasihi. Mtaitwa kwenye miradi mtakayoambiwa kwamba ubaya utaanza leo, na wema utaongezwa mkishaujengea nafasi. Huenda wanaowaita wanasema kweli. Waulizeni ni nani atakayeilinda nafasi hiyo ninyi mkishaondoka kwenda Eldoret kwa wiki moja tu. Waulizeni itakuwaje kibali kikishapatikana. Mkijibiwa "baadaye", inukeni mwende zenu.

Na wewe unayesoma haya ukiwa na mama anayekuamini, usije ukarudia nililolifanya mimi. Kama ufunguo wa lango haumo mkononi mwako, usimwambie kwamba ng'ombe wake watalala wameshiba.