Printa Imekufa Tena, Njoo

“Nani huyu ambaye hawezi kitu bila wewe?”

Odongo alikuwa ameinama, anafunga kamba za viatu. Aliinua kichwa, akaiona simu yake mkononi mwa mkewe, akashusha pumzi.

“Mama Beryl, weka hiyo simu. Nimechelewa.”

“Nimeuliza swali.”

“Ni Efrazia, yule katibu wa ofisi ya vipimo kule Matongo. Printa.”

Veronika alisoma kwa sauti, polepole, kama anayesoma tangazo la msiba.

“‘Odongo, imekufa tena. Njoo tafadhali. Bila wewe hapa hakuna kinachoenda.’ Hii ndiyo printa?”

“Ulitaka aandikeje?”

“Juzi ulienda. Wiki iliyopita ulienda mpaka nikasahau sura yako. Redio ya baba uliitengeneza mara moja tu, mpaka leo inaimba. Hii ya Matongo ina pepo gani?”

“Yawa, Veronika!” Odongo alirusha mikono juu. “Hata mimi najiuliza! Nikifika, inachapa. Nikiondoka, inakufa. Nimebadilisha waya. Nimefuta programu nikaiweka upya kwenye kompyuta zote. Nimezima, nimewasha, nimezima, nimewasha. Unadhani naipenda safari ile, na vumbi la malori yale?”

“Yaani inapona ikikuona.”

“Ndiyo.”

“Basi si printa inayokutaka, baba Beryl.”

Odongo aliirudisha simu yake mfukoni. Alichukua begi lake la vifaa, akawasha pikipiki, akasema kwamba ataanzia kwa mteja mmoja Nyamongo halafu ndipo aende Matongo. Veronika alisimama mlangoni mpaka mlio ukapotea. Kisha akavaa kitenge kizuri, akamwacha mtoto kwa jirani, akaita bodaboda.

“Wapi, dada?”

“Matongo. Na uendeshe kama mtu anayetafuta ugomvi.”

Miaka ile dhahabu ilikuwa imewavuta watu kutoka kila upande. Chumba cha kupanga kilikuwa shida kukipata, barabara haikulala, na kila mwenye shamba karibu na mashimo alitaka kujua mpaka wake unaishia wapi. Ndiyo maana kampuni moja ya wapimaji ilipanga nyumba pale Matongo, ikaweka kompyuta, na printa moja kubwa iliyotumiwa na ofisi nzima kupitia mtandao. Watu walipimiwa viwanja, halafu wakasubiri karatasi zao. Walisubiri sana.

Veronika aliwakuta wamejaa barazani. Alijibana kwenye benchi karibu na bibi mmoja mwenye fimbo, mahali ambapo mlango ulikuwa wazi na ndani kunaonekana vizuri.

“Shikamoo bibi.”

“Marahaba mwanangu. Na wewe umekuja kuambiwa rudi kesho?”

“Wanawaambia hivyo?”

“Mimi naitwa Waisiko. Muulize mtu yeyote hapa, wananijua kwa kurudi kesho. Nyumba yangu imekaa upande mmoja, ukuta unataka kuanguka, wanangu hawagusi tofali kabla ya karatasi ya mpaka. Nikija, yule binti ananiambia mashine imekufa. Nikija tena, imekufa. Mashine gani inakufa bila kuzikwa?”

Veronika hakucheka. Macho yake yalikuwa ndani, kwa yule binti. Alikuwa mzuri, hilo hakuweza kulikataa. Alikuwa amesuka vizuri na blauzi yake ilikuwa imepigwa pasi, lakini macho yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyekesha.

Pikipiki ilisikika kutoka upande wa barabara kuu. Veronika aliutambua mlio ule, ni wa nyumbani kwake.

Efrazia naye aliutambua. Aliinuka haraka, akachungulia dirishani, akaiendea printa. Hakuipiga wala hakuifungua. Alibonyeza vitufe vyake kwa haraka, akitazama kile kioo kidogo cha juu, akabonyeza tena, kisha akarudi mezani na kukaa kama mtu ambaye hajainuka tangu asubuhi.

Odongo aliingia bila kuwaona waliokaa barazani.

“Habari, Efrazia. Inasemaje leo?”

“Kama jana. Tunatuma, haitoi.”

Odongo alikaa kwenye kompyuta, akatuma ukurasa wa majaribio. Printa iliunguruma, ikatoa karatasi safi kabisa.

Odongo aliitazama ile karatasi. Akaiweka mezani. Akafunika uso kwa mikono yote miwili.

“Mungu wangu,” alisema ndani ya viganja. “Mimi naacha kazi. Nitalima mihogo.”

“Usilime chochote,” ilisema sauti mlangoni.

Odongo aligeuka. “Veronika? Umefuata nini huku?”

“Nimefuata printa. Muulize huyu binti alikuwa anabonyeza nini uliposikika unakuja.”

“Sijabonyeza kitu,” alisema Efrazia.

“Nina macho mawili, mdogo wangu, na leo sikuja kupumzika. Umesimama pale, umebonyeza, umerudi kukaa. Kwa hiyo unaiua, unamwita mume wangu, ukimsikia barabarani unaifufua. Ndivyo mnavyofanya siku hizi?”

“Mama Beryl, ngoja kwanza...”

“Singoji! Wewe ndiye uliyekuwa unangoja miezi yote hii ukidhani ni waya!”

Odongo hakumsikiliza tena. Alikuwa ameshasimama mbele ya printa, anafungua kurasa za kile kioo kidogo, midomo inatembea bila sauti. Alipogeuka, uso wake ulikuwa umebadilika.

“Efrazia. Ni anwani?”

Efrazia aliinamisha kichwa.

“Anwani gani?” aliuliza Veronika.

“Printa ya mtandao ina namba yake, kama namba ya simu. Kompyuta zote hapa zinaitafuta kwa namba hiyo. Ukibadilisha tarakimu moja tu, zinapiga kwa mtu asiyekuwepo, na printa yenyewe inakaa pale inasema iko tayari.” Alimgeukia Efrazia, sauti ikapanda. “Nilikuuliza kwenye simu! Nilikuambia soma namba kwenye kioo, ukanisomea namba sahihi!”

“Nilikuwa nimeiandika pembeni. Nikikusikia unakuja naiweka tena, usije ukaiona ile mbovu.”

“Na mimi nikabadilisha waya! Nikapanda kwenye dari! Nikang'atwa na nyigu kwenye dari ya watu!”

“Nisamehe, kaka.”

“Unamtaka mume wangu?” Veronika alisogea mezani.

Efrazia alimtazama, kisha, ajabu, akacheka. Kilikuwa kicheko kifupi cha mtu aliyechoka, na kabla hakijaisha kikawa kilio.

“Dada, mumeo akija hapa anazungumza na printa. Mimi hata chai hajawahi kuniuliza kama nimekunywa. Namwita kwa sababu meneja akipiga simu kutoka Mwanza lazima aambiwe fundi yupo. Simtaki mumeo. Simtaki kabisa.”

“Basi unataka nini?”

“Nataka hii kazi isiishe.”

Maneno yalimtoka mfululizo sasa. Karatasi zile zikishachapwa zote na watu wakishasaini, ofisi inafungwa, na Simioni, msimamizi wa wapimaji, anarudi Mwanza. Simioni ndiye mchumba wake. Alimuahidi kwenda kwao Nyarero kujitambulisha kwa baba yake. Wazee wa ukoo waliitwa, mbuzi akachinjwa, mkwe hakutokea. Alisema gari liliharibika. Wakaitwa tena, akasema kuna ukaguzi. Jumamosi hii wameitwa kwa mara nyingine.

“Baba ameshaanza kukwepa kupita sokoni,” alisema Efrazia. “Nikaona kazi ikiisha kabla hajaenda, ndiyo basi tena. Nikasema nimshike kidogo. Kidogo tu, mpaka Jumamosi.”

Veronika alikuja na maneno mengi kutoka nyumbani kwake Tarime. Yalikuwa mdomoni bado, na sasa hakuwa na mtu wa kumpa. Alivuta kiti akakaa.

“Wewe mtoto,” alisema, “mwanaume anashikwa na printa?”

“Ningemshika na nini?”

Nje mlango wa gari ulifungwa. Simioni aliingia na miwani ya jua, kofia ya kazi mkononi, akitabasamu.

“Fundi! Imekubali?”

“Imekubali,” alisema Odongo kwa ukavu.

“Safi sana. Efrazia, chapa zote leo. Meneja amesema kesho tunafunga vitu.”

“Kesho?” Efrazia alisimama. “Na Jumamosi?”

Simioni aliwatazama Odongo na Veronika, akashusha sauti. “Hayo tutazungumza baadaye.”

“Tuzungumze sasa. Jumamosi unakuja Nyarero au huji?”

“Efrazia, kuna wageni.”

“Wageni walikuwa kwa baba yangu! Wamekula, wamenawa, wameniangalia! Unakuja au huji?”

“Nitakuja. Kazi ikitulia nitapanga. Kwani mimi nimekataa?”

Ni hapo Veronika alipoingilia. Kwa miezi mingi alikuwa amemchunguza mume asiye na kosa. Alikuwa amenusa mashati yake na kusikiliza simu zake, mpaka akajua mtu mkweli anakasirika vipi anapoulizwa. Odongo alikuwa akirusha mikono na kupiga kelele. Huyu hakukasirika hata kidogo.

“Shemeji, samahani,” alisema kwa upole. “Una mke?”

“Wewe ni nani?”

“Mke wa fundi. Una mke, shemeji?”

“Hilo linahusiana nini na printa?”

“Hujajibu.”

Simioni alivua miwani. Aliigeuza mkononi, akaikunja, akaikunjua. Barazani watu walikuwa wamenyamaza.

“Nina familia Mwanza,” alisema mwishowe. “Lakini Efrazia, mambo yale si kama unavyofikiri. Nilikuwa nataka kukueleza taratibu. Hata wewe hukuwahi kuniuliza.”

“Sikukuuliza,” Efrazia alirudia.

“Hukuuliza.”

“Ulikula ugali kwa shangazi yangu ukasema huyu ndiye atakayenipikia maisha yote. Nikuulize nini zaidi, Simioni?”

Simioni aliutazama mlango. Kutoka barazani ikaja sauti ya Bibi Waisiko, bila haraka.

“Mura, kijana wangu, jibu. Mtoto wa watu amekuuliza.”

Simioni aligeuka. Alivaa kofia yake, akasema yuko kwenye gari kama kuna mtu anamhitaji kwa mambo ya kazi. Alipotoka, watu wa barazani hawakumpisha njia. Ilibidi apite upande, akiomba samahani kwa kila goti.

Efrazia alibaki amesimama. Veronika alidhani ataanguka, akamwekea mkono mgongoni. Lakini binti alifuta uso kwa kiganja, akakaa kwenye kompyuta, akafungua faili baada ya faili, akazituma zote.

Printa iliunguruma. Ilitoa karatasi moja, ya pili, kisha ikashika mwendo. Odongo alisimama pembeni anaongeza rimu, bado amekunja uso kwa hasira ya nyigu na waya. Efrazia alichukua karatasi zikiwa bado na joto, akasimama mlangoni.

“Waisiko.”

“Nipo.”

“Shikamoo bibi. Mashine haikufa. Ni mimi. Nisamehe.”

Bibi alinyoosha mkono.

“Marahaba. Nipe kwanza karatasi yangu, halafu nitafikiri kuhusu msamaha.”

Alipewa. Aliishika mbali na macho, kisha karibu, akaikunja, akaiweka kifuani ndani ya kitenge. Akashuka ngazi mbili, akageuka.

“Nimefikiri,” alisema. “Yule alikuwa mrefu tu, hakuwa na kingine. Kunywa maji, uendelee kuita majina. Watu wamechoka.”

Efrazia aliita majina mpaka sauti ikakauka. Wengine walimfokea, na mmoja alikataa hata kuitikia salamu yake. Aliyapokea yote. Baraza lilipobaki tupu alimpigia meneja Mwanza, akamweleza mwenyewe alichofanya. Alisikiliza kwa muda mrefu, akasema ndiyo bosi, akachukua mkoba wake. Kazi haikuwepo tena.

Nje, Odongo alikuwa anafunga begi kwenye pikipiki kwa nguvu zaidi ya ilivyohitajika.

“Baba Beryl.”

“Usiniite.”

“Nimekosa.”

“Miezi, Veronika. Nikirudi nimechoka unanipa mgongo, nami nadhani ni uchovu wa mtoto. Kumbe ulikuwa umeshanihukumu zamani. Ungeniuliza tu.”

“Nilikuuliza asubuhi.”

“Uliuliza kama polisi!”

Veronika aliinama, akamsaidia kukaza mpira wa begi. Vidole vyao vikagongana, na yeye hakuondoa vyake.

“Nilikuwa naogopa,” alisema. “Watu wanakuja huku na hela zao za dhahabu, ndoa zinavunjika kila siku. Nikasema na yangu imefika zamu. Nisamehe, mume wangu. Nitauliza kama mke.”

Odongo alitikisa kichwa kama mtu aliyeshindwa kesi.

“Ungekuja mapema tu,” alisema. “Ningeokoa waya mzima.”

Veronika alicheka, naye akacheka bila kutaka. Efrazia alikuwa amesimama barabarani na mkoba wake, hajui ageukie upande gani. Veronika alimfuata, akamshika mkono.

“Panda katikati. Tunakupeleka Nyarero.”

“Siwezi kwenda nyumbani, dada. Nitamwambia nini baba?”

“Mwambie kabla hujafika, ili ukifika pasiwe na kitu cha kuogopa.”

Efrazia aliishika simu muda mrefu kabla ya kupiga. Iliita, ikapokelewa. Nyuma ya sauti ya mzee kulikuwa na kelele za mbuzi.

“Shikamoo baba.”

“Marahaba. Mbona sauti hiyo?”

“Baba, waambie wazee wasije Jumamosi. Hakuna mtu anayekuja. Ana mke. Sikujua, baba.”

Upande wa pili mbuzi waliendelea kulia. Efrazia alifumba macho.

“Na wewe?” mzee aliuliza. “Wewe unakuja?”

“Mimi?”

“Nimeuliza wewe.”

“Nakuja, baba. Niko njiani.”

“Basi njoo. Mama yako anasonga ugali sasa hivi, nitamwambia aongeze unga.”

Efrazia alikata simu. Alipanda katikati, akashika koti la Odongo mbele yake, Veronika akamzungushia mikono kutoka nyuma, na pikipiki ikaondoka.