Aliyesimama Juu ya Mizani

Dirisha jeusi lilifunguka kwenye kompyuta, likajifunga kabla Asteria hajasoma hata neno moja. Akarudia. Ikawa vilevile.

Alikuwa ametoka Shinyanga mjini asubuhi kuja kwenye karasha, mtambo wa kusaga mawe ya dhahabu, upande wa Bulyanhulu, kuweka programu mpya ya mizani ya malori. Kisakinishi, chombo cha kuiweka programu hiyo, kilitakiwa, mwishoni kabisa, kuita faili fupi la amri linalounganisha kompyuta na mizani. Akilibofya mwenyewe, faili lilifanya kazi. Kisakinishi kikiliita, lilikufa.

"Hata jana mizani ilinisumbua," alisema Nkwabi, karani wa pale. "Tangu lori lishushe mawe ya lile duara la zamani, lile shimo lililoachwa na wachimbaji."

Asteria aliongeza amri ya kulizuia dirisha lisijifunge. Kosa likaonekana: kisakinishi kililiita faili kutoka folda nyingine, kwa hiyo halikuona vitu vyake. Akaandika njia kamili, akaendesha tena. Safari hii dirisha lilibaki na mstari mmoja: mizani inatumiwa na mwingine.

"Kaka Nkwabi, umefungua programu nyingine?"

"Hapana."

Akazima kompyuta, akaiwasha. Mstari ulikuwa uleule. Kwenye skrini ndogo ya mizani, palipotakiwa kuwa na sifuri, palisomeka kilo sitini. Nje, jukwaa la chuma lilikuwa tupu kwenye jua la mchana.

"Labda kuna mawe yamekwama chini."

"Nimeshafagia," Nkwabi alinong'ona. "Dada, hicho kitu kinapumua."

Chuma kililia taratibu, kama mtu anapohamisha uzito kutoka mguu huu kwenda mwingine, na harufu ya baruti iliyolowa ikaingia ofisini ingawa hapakuwa na upepo, na Asteria, aliyekuwa ameishika meza bila kujua, akaona sitini ikigeuka sifuri, akafurahi kidogo tu, mpaka alipotambua kwamba kilichokuwa juu ya mizani kimeshuka, na kwamba changarawe za uani zilikuwa zinasagika, hatua kwa hatua, kuelekea mlangoni.

Nkwabi alianguka kitini. Alipofungua mdomo, sauti haikuwa yake.

"Nani amenitoa nyumbani?"

Mwenye karasha alituma bodaboda wakamlete Bibi Mageni, mganga wa kijiji cha jirani. Bibi hakupiga kelele. Alimnyunyizia Nkwabi maji ya dawa, akaketi mbele yake kama anayeongea na mgeni.

"Unataka nini?"

"Nirudishwe. Aliyenipima anirudishe."

Bibi akamgeukia mwenye karasha. "Ni jini la shimo. Pakieni mawe yake yote, na huyu kijana aende nayo. Lakini asishuke kwenye gari. Asikanyage ardhi ya kule, shimo lisije likabaki naye na kuturudishia kivuli."

Nkwabi alipanda kando ya dereva, sauti yake ikiwa imemrudia, machozi yakimtiririka. "Fundi," alimwambia Asteria, "mpigie mke wangu, mama Loveness. Mwambie mume wake atachelewa."

Lori lilipoondoka, Asteria alimpigia mama Loveness kwa namba aliyoachiwa, kisha akaendesha kisakinishi. Kikaita faili, faili likafunguka, kazi ikaisha. Mizani ikasoma sifuri. Angeweza kuondoka, lakini alitaka kumwona karani akirudi. Alikaa, akasimama, akatoka kutazama barabara, akarudi.

Jua lilikuwa linazama lori liliporudi tupu. Nkwabi aliteremka akitabasamu. Asteria akamvuta dereva pembeni.

"Alishuka kule?"

"Nilikuwa nashusha mawe," dereva alisema, akitazama viatu vyake. "Nilipogeuka, nilimkuta anatoka shimoni. Nikamwita, akaja."

Asteria alirudi ofisini, akaita kupitia dirishani. "Kaka dereva, hebu panda mizani, tujaribu."

Dereva akapanda. Sabini. Akashuka, ikasoma sifuri.

"Na wewe, kaka Nkwabi."

Nkwabi akapanda, viatu vyake vyote viwili juu ya chuma. Chuma hakikulia. Asteria alikagua faili, lilikuwa linafanya kazi. Akakagua waya, akaangalia skrini tena kwa muda mrefu. Sifuri.

Simu yake iliita. Alikuwa mama Loveness, akiuliza kama mume wake amerudi salama. Asteria akaishusha simu bila kuikata.

Nkwabi alikuwa ameshafika dirishani, bila sauti yoyote kwenye changarawe.

"Mwambie nakuja," alisema kwa upole. "Kisha unielekeze, fundi. Nyumba yangu ni ipi?"