Kufuli la Herufi Tano

Soko lilikuwa limefurika watu mchana ule, na nesi aliingia kwenye kibanda cha fundi wa kufuli kwa kusukumwa na mkokoteni. Gauni la manjano, mtandio umefunika shavu la kushoto. Mtandio ulipoteleza, fundi akaona jicho lililovimba, akasahau bei aliyokuwa akimtajia mteja mwingine.

Nesi akamwonyesha picha kwenye simu: kufuli la herufi tano likining'inia kwenye sanduku la chuma. Humo ndimo vyeti vyake vilimokuwa. Kaka yake, baunsa wa klabu, alivifungia baada ya kusikia kwamba hospitali ya mji mwingine imemwita kazini. Wazazi walishafariki, nyumba ilikuwa ya kaka, na mkono wa kaka ndio uliokuwa sheria. Asipopeleka vyeti kabla ya mwisho wa mwezi, nafasi ingekwenda kwa mtu mwingine.

Fundi akasema msumeno ungemaliza kazi. Nesi akakataa. Kelele zingesikika mtaa mzima, na mtaa mzima ulimwogopa kaka. Alichojua ni kwamba neno la kulifungua lilikuwa la Kiingereza, na aliwahi kuziona R na E chini ya dole gumba la kaka.

"Basi andika maneno yote ya herufi tano yenye R na E," fundi akasema. "Niletee tuyachuje."

Mwongo mkubwa! Kufuli la aina ile hufunguliwa kwa kupapasa tu, na angeweza kumfundisha pale pale kabla chai yake haijapoa. Lakini alitaka arudi. Naye akarudi, wiki tatu mfululizo, daftari kwapani, akinukia vizuri mpaka fundi akawa anatafuta funguo alizozishika mkononi. Jioni walipigiana simu. Nesi alisoma bread, river, green, na fundi akamwambia hilo la kwanza analijua vizuri maana analila kila asubuhi. Nesi alicheka huku amejiziba mdomo kwa mto. Kaka alipokwenda kuoga, nesi aliyajaribu maneno yale kumi kumi. Yalifika mia na arobaini, kufuli halijatikisika.

Siku moja kaka akatoka bafuni mapema, akamkuta kwenye sanduku, daftari mkononi.

Alimbamiza kichwa ukutani. Akamchapa mkanda kwa upande wa chuma. Akamuuliza anafanya haya kwa akili ya nani, na nesi aliponyamaza, akaukamata mkono wake wa kushoto, akauweka kwenye fremu ya mlango, akaufunga mlango. Vidole viwili vikavunjika.

Kesho yake fundi alimwona akija na bandeji, akakosa pa kujificha. Akamweleza uongo wake wote.

Nesi alimchapa kofi kwa mkono uliobaki mzima, soko likageuka kutazama. "Yaani ulikuwa unanitongoza kwa vidole vyangu," akasema.

"Ndiyo."

"Nifundishe. Sasa hivi. Na usiniite tena mpenzi."

Akamfundisha. Vuta chuma cha juu, zungusha herufi polepole, inapokwama iache hapo, nenda inayofuata. Ilibaki siku moja mwezi uishe, na kaka alikuwa haondoki tena nyumbani. Fundi akaomba namba ya kaka.

Asubuhi akampigia. Akamwambia mwenye daftari ni yeye, yuko kibandani, na kama ngumi zake zinaweza zaidi ya kumpiga dada yake, aje.

Baunsa alikuja na nondo. Pigo la kwanza liling'oa meno mawili, la pili likavunja mbavu. Fundi akaanguka, akamkumbatia mguu mmoja na hakuachia. Kila teke lilipomwingia alihesabu: herufi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Damu ilitapakaa kwenye trei ya funguo. Wenye vibanda, walipomaliza kuogopa, walimrukia baunsa wote kwa pamoja, wakamfunga kamba mpaka polisi walipofika.

Simu ikaita. Fundi aliipokea akiwa bado chini.

"Nimefungua," nesi alisema, na nyuma yake kulisikika mngurumo wa basi. "Dakika nne, fundi. Hata neno lenyewe sikulisoma."

"Nisamehe."

"Leo siwezi. Usinifuate. Vidole vikipona nitakupigia mwenyewe."

Fundi alingoja. Mbavu ziliunga, meno hayakurudi. Kila simu ilipoita alidondosha alichoshika. Nesi alipiga siku ya hamsini na tatu, akitoka zamu.

"Kimoja kimepona," alisema. "Kingine kimebaki kimepinda. Daktari anasema ndio basi."

"Kipi?"

"Cha pete." Akakohoa kidogo. "Kwa hiyo pete ya dukani haitapita. Itabidi uje unipime mwenyewe. Na safari hii, fundi, ukinichelewesha hata siku moja, nitakuua."

Fundi alipanda basi la mchana huo huo, kibanda akakiacha wazi.