Nani Alimchomelea Mlegevu?

"Shemeji, weka hicho chuma chini kwanza, ndiyo tuongee."

"Nimekuuliza kitu kimoja. Ni wewe uliyechomelea hii pini?"

"Nimeshakuambia si mimi."

"Basi imejichomelea yenyewe."

Nilikuwa nimeshika pedeli ya breki niliyoifungua kwenye gari la mwanangu, nyeusi kwa masizi na mafuta. Shemeji yangu alikuwa amerudi nyuma mpaka mgongo wake ukagusa mashine ya kukereza chuma. Mafundi wake wote walikuwa wameacha kazi. Mmoja alijifanya anatafuta spana ambayo alikuwa ameishika mkononi.

Sikuwa na hasira, jamani. Nadhani hilo ndilo lililomtisha. Sauti yangu ilikuwa ile ile ninayotumia kumuuliza mwenye duka kama sabuni ipo. Mwili wote ganzi…

Ngoja niwaeleze, msije mkadhani ni ugomvi wa kifamilia tu.

Mimi ni mama wa watoto watatu na nina diploma ya ufundi mitambo. Shemeji, mdogo wake mume wangu, ndiye mwenye gereji. Mimi ndiye ninayechora na kupima, yeye ndiye anayekata chuma na kugombana na wateja.

Mume wangu alikuwa dereva wa malori. Madereva wenzake wanamwita Kapteni mpaka leo. Miaka kadhaa iliyopita alipata ajali ya uso kwa uso. Kifua salama, kichwa salama. Ila ukuta wa mbele wa kabini ulirudi nyuma ukaja na pedeli ya breki, na mguu wake ulikuwa juu ya hiyo pedeli kwa sababu alikuwa anafunga breki kama dereva yeyote mwenye akili.

Kifundo chake kikapondwa kama karanga.

Watu walikuja nyumbani wakasema ashukuru, yuko hai. Kweli, yuko hai. Ila mguu wa kulia haukunjiki, hauingii kwenye kiatu cha kawaida, na kazi iliishia pale.

Wengine hulia. Mimi nilichukua penseli.

Nikatengeneza pedeli ambayo inashikiliwa juu na pini ya chuma laini. Ukikanyaga breki, hata ukanyage kwa nguvu zako zote, uzito unabebwa na kishikio kingine, pini haiumii. Lakini gari likigonga na ukuta ukarudi nyuma, pini inakutana na ncha ya chuma iliyo chini ya dashibodi. Inakatika. Pedeli inaanguka, mguu unabaki mzima.

Tulijaribu kwenye kabini ya lori bovu nyuma ya gereji. Tulisukuma ukuta kwa jeki kubwa, na mahali pa mguu wa mtu tukaweka mguu wa mti uliovishwa buti. Pedeli ya kawaida ilivunja mti, kaa! Pedeli yangu ilidondoka chini kama embe bivu, mti ukabaki umesimama.

Mafundi wakaipa ile pini jina. Mlegevu.

"Leta Mlegevu mmoja." "Huyu Mlegevu ni mnene, mpunguze." Tulicheka. Madereva kadhaa wakafungiwa pedeli hiyo, ila wateja wengi walimkimbia kwa jina tu. Shemeji alikuwa akirudi kutoka kwa wateja amekasirika, anasema ipo siku atawachomelea hawa Walegevu wote tupate amani. Nani anataka kusikia kuna mlegevu kwenye breki zake?

Ndiyo maana siku hiyo nilimshika yeye.

Binti yangu wa kwanza anaendesha gari la mikate. Mlegevu wa gari lake nilimfunga kwa mikono yangu. Asubuhi moja yenye ukungu akakuta lori limeegeshwa barabarani bila alama yoyote. Akafunga breki. Haikutosha.

Nilimkuta hospitali. Daktari alisema wamemwekea pini mguuni, pini za chuma ngumu, zisizokatika. Nilitaka kucheka, nikashindwa. Alichukua kitu chenye ncha akamchoma kidole gumba cha mguu.

"Unasikia?"

"Sisikii."

Akachoma tena, juu zaidi. Hakusikia. Mimi niliyesimama pembeni sikusikia pia, kama ni mimi niliyechomwa.

Daktari alipotoka, binti yangu akaniangalia. Yeye ni mtani, kamrithi baba yake.

"Mama, Mlegevu wako hakulegea."

Hakusema kwa kulaumu. Alisema kama mtu anayekujulisha kuwa mvua imeanza.

Nikaenda moja kwa moja gereji, walikokuwa wamevuta gari lake. Nikaingia chini ya usukani na tochi. Pini ilikuwa haijakatika. Isingeweza kukatika. Mtu alikuwa ameichomelea pamoja na kishikio chake, vimekuwa kitu kimoja.

Mnaona sasa kwa nini nilikuwa nimembana shemeji kwenye mashine?

Akanyoosha mkono akaniwekea tambara begani.

"Futa masizi kwanza, shemeji. Mimi mambo yangu nayajua. Fundi wangu akichomelea, anapaka rangi nyeusi. Hapa gereji hakuna rangi nyingine."

Nikafuta. Nilifuta ili kumwonyesha kwamba ni mwongo.

Chini ya masizi kulikuwa na rangi ya kijani.

Si kijani yoyote. Nilipopaka mlango wa jikoni kwangu, kopo la kijani liliisha mlango ukiwa nusu. Nikachanganya mabaki na rangi ya bluu iliyobaki kwenye dirisha. Ikatoka rangi mbaya, ya maji ya bwawa, na watoto walinicheka wiki nzima. Rangi hiyo haiuzwi dukani. Ipo kwenye mlango wangu, na kwenye kopo lililokuwa chini ya kitanda changu.

Shemeji aliitazama. Akanitazama mimi. Amekula sana jikoni kwangu, anaujua ule mlango.

"Shemeji…" akasema taratibu.

"Nimeona."

Nilirudi nyumbani na ile pedeli kwenye mfuko wa sokoni. Mume wangu alikuwa amekaa uani, mguu juu ya kigoda, anamenya viazi vya kumpelekea mtoto hospitali. Niliweka pedeli juu ya viazi.

Hakukana. Niwaambie ukweli, nilitamani akane, maana ningepata cha kufanya.

Aliniambia yote bila kuinua kichwa. Tangu ajali yake amekuwa hawezi kusikia habari za pedeli, hilo nalijua. Nikianza tu kuongelea kazi, anatoka chumbani. Kwa hiyo siku moja alisikia kipande tu, nikiwa kwenye simu, namwambia shemeji nimeshamfunga Mlegevu kwenye gari la binti. Hakulala. Usiku kucha anasikia neno moja: mlegevu, kwenye breki, kwenye gari la mwanawe. Kulipokucha nilikwenda kazini. Akamwita mtoto arudishe gari kidogo amwangalizie taa, akaazima mashine ya kuchomelea kwa jirani, akajikokota mpaka chini ya usukani na mguu wake usiokunjika.

Akamalizia kwa rangi ili isishike kutu. Mtu akipenda, anapaka na rangi.

"Ulitaka nifanye nini, mama watoto? Mimi nilikanyaga breki mpaka mwisho nikapona nusu. Mwanangu akanyage kitu kilegevu?"

"Ungeniuliza."

"Ungenijibu ningeelewa?"

Sikubishana. Kubishana ni kazi ya mtu mwenye damu ya moto, na yangu siku hiyo ilikuwa maji. Nikamwambia avae, tunatoka.

Nilimpeleka nyuma ya gereji, kwenye ile kabini mbovu. Shemeji akaweka pedeli ya kawaida na mguu wa mti, akaanza kupampu jeki. Mume wangu alikuwa amesimama na fimbo yake, anatazama pembeni kama kawaida. Kisha akaliona buti.

Lilikuwa lake. La kulia. Nililichukua siku nilipojua hatalivaa tena.

Kaa! Mti ukavunjika ndani ya buti.

Shemeji akaweka mti mwingine na pedeli yangu, na Mlegevu mpya. Akapampu. Tik. Pedeli ikadondoka. Buti likabaki limesimama wima, kama linasubiri mwenyewe.

Mume wangu aliinama, jambo ambalo kwake si dogo. Akalishika lile buti. Akakaa nalo muda, anapapasa kisigino.

Kisha akasema jambo ambalo sikulitarajia.

"Siyo gari la mtoto peke yake."

Shemeji akaacha jeki.

Kumbe alikuwa ameshapita kijiweni kwa madereva wenzake. Kwa nia njema! Aliwaonya. Aliwaambia: "Mke wangu ni fundi mzuri, lakini hii pini chomeleeni, breki si ya kuchezea." Na Kapteni akisema, nani anabisha? Mguu wake ndio ushahidi. Karibu wote tuliowafungia walikuwa wameichomelea.

Walikuwa barabarani muda ule ule. Wamebeba abiria. Wamebeba mikate.

Akaniuliza, kwa sauti ndogo, aanze kumwambia nani. Mtoto, au wao.

"Walio barabarani kwanza," nikamjibu. "Mwanao yuko kitandani, hakimbii. Tukitoka hapo utamwambia mwenyewe, kwa mdomo wako."

Nikabeba grenda ya kukatia chuma, waya mrefu na kopo la pini mpya. Njiani nikamwambia neno moja tu: lile jina limekufa leo. Kuanzia sasa inaitwa Mpisha.

Kijiweni walimpokea kwa makelele, "Kapteni! Kapteni!" Hakuketi kwenye kiti walichompa. Aliinua juu buti lenye mti uliovunjika ndani.

"Mimi ndiye niliyewaambia mchomelee," akasema. "Nilikosea. Binti yangu yuko hospitali kwa mkono wangu."

Mmoja, mzee wa gari la abiria, akauliza sasa hiyo pini si ni ile ya mlegevu.

"Inaitwa Mpisha," mume wangu akasema.

"Mpishi?"

"Mpisha. Inaupisha mguu wako. Fungua mlango wa gari lako."

Yule mzee akafungua. Nikachomeka waya. Mume wangu akajilaza ubavu chini ya usukani, mguu mbovu ukabaki nje umenyooka, na mimi nikampa grenda mkononi. Cheche zikaanza kuruka.

Hapo ndipo vidole vyangu vilipoanza kuniuma. Ganzi ikitoka huwa inauma.

Ndugu zangu mnaosoma, heri nusu shari kuliko shari kamili. Kuna vitu viliwekwa vivunjike ili wewe usivunjike. Ukikuta kitu usichokielewa kwenye gari la mwanao, au kwenye maisha yake, usikichomelee kwa mapenzi. Uliza kwanza.

Na wewe dereva uliyefungiwa pedeli yetu: angalia chini ya usukani wako leo. Ukikuta mahali pamechomelewa, lete gari. Tunakata bure.